Namna ya kuigeuza pikipiki kubwa ya safari kuwa traiki ya magurudumu 3 (na kwa nini kazi yenyewe iko mbele)

Watu wakiwaza traiki wanawaza nyuma tu, ekseli, difu (gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti), matairi mawili mapana, buti la faiba linalong'aa. Na kweli huko ndo hela na jasho vinakoenda. Ila ukisikiliza malalamiko ya watu wanaoendesha traiki zilizobadilishwa, mtu hakwambii difu imevunjika, anakwambia mabega yanauma, usukani unatetemeka akipunguza mwendo, breki ya mguu inazama. Hayo yote ni mambo ya usukani na breki, na ndo yanayofanywa mwishoni watu wameshachoka wanataka tu kuiwasha waone. Kwa hiyo hapa nitapita haraka kwenye yale ambayo kijitabu cha seti (vifaa vya kubadilishia vinavyouzwa pamoja) kinakueleza vizuri na picha, alafu nitakaa sana pale ambapo kijitabu huwa kina mistari miwili.

Naongelea traiki ya tairi moja mbele na mawili nyuma. Zile za mawili mbele kama Can-Am Spyder ni chombo kingine kabisa, hesabu zake zinaenda kinyume. Wala siongelei vile vimagurudumu vya pembeni vinavyofungwa huku tairi la nyuma la asili limebaki, hivyo unafunga siku moja na unavua siku moja.

Kwanza kabisa, makaratasi

Najua hakuna anayetaka kusikia hili ila fanya kabla hujafungua hata bolti moja. Kwenye nchi nyingi chombo kikishakuwa na magurudumu 3 kinahama daraja, maana yake usajili unabadilika, pengine kinatakiwa kupita ukaguzi mpya, leseni yako inaweza isitoshe au ikatosha ya gari badala ya pikipiki, na bima uliyonayo imeandikwa kwa chombo ambacho hakipo tena. Uliza kwa mamlaka ya usajili ya kwenu wanataka nini: michoro? risiti za seti? namba ya fremu iwe haijaguswa? Kuna wanaotaka breki ya kuegesha, kuna wanaotaka taa mbili nyuma na upana usizidi kiasi fulani. Ukijua mapema unanunua seti inayokidhi. Bima waambie kwa maandishi, siyo kwa simu.

Pikipiki ipi inafaa

Rahisi kuliko zote ni zenye shafti (fimbo inayopeleka nguvu tairi la nyuma badala ya cheni). Honda Gold Wing ndo mfalme hapa, GL1500 (iliyoanza 1988) na GL1800 (2001 kuja mbele), manake ina injini ya silinda 6 yenye nguvu ya kutosha hata ikizunguka polepole, ina shafti, na ina rivasi ya umeme ambayo kwenye traiki utaihitaji kila siku. Pikipiki ya kawaida unairudisha nyuma kwa miguu. Traiki imeongezeka kilo mia na kitu juu ya ile mia nne iliyokuwepo, na kwenye mteremko hurudishi kitu. Harley-Davidson za safari zenyewe ni za belti na seti zake zipo nyingi tu, kampuni yenyewe ilitengeneza ile Servi-Car ya magurudumu 3 kuanzia 1932 hadi 1973 na ikarudi na Tri Glide modeli ya 2009, kwa hiyo siyo wazo geni. Belti ni sawa, ila rivasi utanunua pembeni. Cheni inawezekana, unapata difu inayozungushwa na sproketi, ila cheni ndefu inayobeba uzito ule inataka kukazwa kila mara na mi nisingeichagua kwa safari ndefu.

Kitu kimoja cha kuzingatia kama unafikiria kutengeneza mwenyewe kwa kuchomelea: fremu ya GL1800 ni ya alumini. Huwezi kuchomelea chuma juu yake, na ukiipasha moto ovyo unaidhoofisha pale pale panapobeba mzigo. Kwa hiyo ni seti ya kufunga kwa bolti tu. GL1500 fremu ni chuma, ila hata hapo ushauri wangu ni ule ule, usikate fremu, tumia sehemu za kufungia zilizopo: pale inaposhikia swingamu (ule mkono unaobeba tairi la nyuma) na pale shokapu za nyuma zinaposhikia juu. Na kama kuna kuchomelea popote, chomoa betri na soketi za kompyuta ya injini, toa tenki.

Ekseli ngumu au kila tairi na shokapu yake

Hapa watu wanabishana sana. Ekseli ngumu ni bomba moja zito lenye difu katikati, tairi la kulia likipanda tuta, la kushoto nalo linainama kidogo. Ni nafuu, ni imara, vitu vya kuharibika ni vichache, na kwenye kona mwili wa traiki hauyumbi sana. Ya kujitegemea kila tairi linapanda na kushuka kivyake, difu yenyewe imefungwa kwenye fremu, nusu-shafti mbili zenye viungo vya kujikunja zinapeleka nguvu. Hii ni laini sana kwenye barabara yenye mashimo ila ina viungo vingi, mpira wa kufunika kiungo ukichanika grisi inatoka na kiungo kinakufa.

Mtu anayebeba abiria na mizigo na anakaa kwenye siti saa nyingi, achukue ya kujitegemea. Mtu anayefanya matengenezo mwenyewe mbali na mafundi, ekseli ngumu. Chochote utakachochagua lazima kuwe na difu. Nimeona watu wakishauri ekseli moja isiyo na difu eti kwa sababu go-kati (vile vigari vidogo vya mashindano) zinatembea hivyo. Go-kati inatembea hivyo kwa sababu fremu yake inajipinda na kuinyanyua tairi la ndani kwenye kona. Traiki haifanyi hivyo, matairi yote mawili yatalazimika kuzunguka sawa wakati la nje lina njia ndefu zaidi, matokeo yake chombo kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja na tairi moja la mbele halina nguvu ya kukishinda, hasa mvua ikinyesha.

Pima kabla hujafungua

Simamisha pikipiki wima kabisa juu ya sakafu iliyo sawa, matairi yana upepo sahihi, mtu mwenye uzito wako akae juu. Andika:

- kimo cha fremu kutoka sakafuni, mbele na nyuma
- mlalo wa shokapu za mbele kwa nyuzi (kipima-pembe cha simu kinatosha, kiweke kwenye bomba la shokapu)
- umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma
- treili

Hiyo ya mwisho ndo roho ya mwongozo wote kwa hiyo tuelewane. Vuta mstari wa kufikirika unaopita katikati ya mhimili wa usukani, ushuke hadi ugonge ardhi. Weka alama kwa chaki. Alafu kutoka katikati ya ekseli ya mbele dondosha uzi wenye timazi hadi ardhini, weka alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ndo treili. Alama ya tairi iko nyuma ya alama ya mhimili, ndo maana tairi linajifuata lenyewe na pikipiki inakwenda wima ukiachia usukani. Kuupata ule mstari wa mhimili vizuri, chukua ubao mrefu ulionyooka uulaze ubavuni sambamba na kichwa cha fremu, ukitazamia kwa jicho moja. Rudia mpaka upate jibu lile lile.

Kwenye Gold Wing GL1800 za mwanzo utapata mlalo wa nyuzi 29 na kidogo na treili ya karibu milimita 109. Harley za safari mlalo ni nyuzi 26 lakini treili ni kubwa, karibu 170. Zingatia hizo namba tutazirudia.

Kuvua nyuma

Chomoa hasi ya betri. Funga tairi la mbele kwenye kibana-tairi au kwa mikanda pande mbili, alafu nyanyua kwa jeki chini ya injini na uweke stendi za gari chini ya fremu, kulia na kushoto. Usiiache kwenye jeki peke yake hata dakika tano, manake ukishatoa tairi la nyuma uzito wote unahamia mbele na pikipiki inaweza kuinamisha pua.

Toa mabuti, madigadi ya nyuma, ekzosi kuanzia kwenye kiungo, kaliperi ya nyuma (kile kinachobana diski ya breki; ning'iniza kwa waya, isining'inie kwa mpira wake), tairi, boksi la gia la mwisho, shokapu, na mwisho swingamu. Piga picha kila waya kabla hujachomoa. Stendi ya kati na ya pembeni zote zinaondoka, hutazihitaji tena, ila swichi ya stendi ya pembeni usiitupe, tutaiongelea kwenye umeme.

Ukiwa hapo na kila kitu kiko wazi, angalia meno ya shafti. Yakiwa yamechongoka kama meno ya papa badilisha sasa hivi, usiseme yatafika, kuyafikia baadaye ni kuvua kila kitu upya. Pakaza grisi nzito ya molibdeni. Beringi za swingamu nazo, kama seti inazitumia tena, badilisha bila kufikiria.

Kufunga kibebeo kipya na kukinyoosha

Seti nyingi zinakuja na kibebeo cha chuma kinachoingia mahali pa swingamu na kushika ekseli. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, usikaze hata moja. Gundi ya kufungia nati weka mwishoni.

Sasa kunyoosha. Ekseli lazima ikae mraba na mstari wa katikati ya pikipiki. Chagua sehemu moja katikati kabisa mbele, ncha ya mhimili wa usukani inafaa, alafu pima kwa tepu ya chuma hadi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya kulia, na hadi habu ya kushoto. Vipimo viwe sawa, milimita 2 za tofauti ndo mwisho wangu mimi. Alafu vuta nyuzi mbili ndefu zikigusa ubavu wa matairi ya nyuma kwa mbele na nyuma, zipeleke hadi tairi la mbele, angalia tairi la mbele liko katikati ya nyuzi hizo. Ukipata kulia na kushoto tofauti, legeza, sogeza, kuna seti zina vipande vyembamba vya kuingiza katikati, pima tena. Traiki iliyokaa pembe haitakupeleka mtaroni mara moja, itavuta upande mmoja taratibu na kula matairi, na wewe utakuwa unaishindilia kwa mkono mmoja safari nzima bila kujua kwa nini umechoka.

Ikishanyooka kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba za kijitabu, kwa mzunguko, kidogo kidogo, kisha weka alama ya rangi kwenye kila nati na chuma iliyoikalia. Nati ikizunguka baadaye alama inavunjika na unaona kwa macho.

Shafti: angalia viungo vyake viwili vina pembe zinazolingana traiki ikiwa imebeba uzito, siyo ikiwa inaning'inia. Pembe zikitofautiana utasikia mtetemo kwenye mwendo mkubwa na utalaumu matairi.

Uwiano wa gia na spidi mita

Haraka haraka. GL1800 za mwanzo zilikuja na tairi la nyuma la 180/60R16, kipenyo chake karibu milimita 622. Ukiweka tairi la gari la 205/65R15 kipenyo ni kama 647. Imeongezeka asilimia 4. Maana yake kama difu ya seti ina uwiano ule ule wa asili, injini itazunguka polepole kidogo kwa mwendo ule ule, na kama spidi mita inasoma kutoka kwenye giaboksi itakwambia 100 wakati unakwenda 104. Kama inasoma tairi la mbele haibadiliki. Kwa traiki iliyoongezeka uzito mi ningependelea difu iwe fupi kidogo kuliko ya asili ili kuondoka kwenye mlima kusiunguze klachi. Muulize muuzaji wa seti uwiano wake ni ngapi, asipojua hilo tafuta muuzaji mwingine.

Breki

Sasa tunaingia kwenye mambo.

Ulikuwa na diski moja nyuma, sasa una mbili. Watu wanafurahia wakidhani breki zimeongezeka mara mbili, ila pampu ya mguu ni ile ile. Tufanye hesabu: kaliperi ya zamani yenye pistoni 2 za kipenyo cha milimita 27 ina eneo la milimita za mraba kama 1,145. Kaliperi 2 za aina ya gari zenye pistoni moja moja ya milimita 38 zina jumla ya kama 2,268. Karibu mara mbili. Maji ya breki yanayohitajika kuzisogeza ni mara mbili, kwa hiyo mguu utashuka mara mbili kabla breki haijashika. Pedeli inayozama hata baada ya kutoa upepo kwenye maji ya breki vizuri, mara nyingi ni hii, siyo upepo. Dawa ni pampu yenye kipenyo kikubwa zaidi, lakini kipenyo kikiongezeka presha inapungua kwa nguvu ile ile ya mguu, kwa hiyo usirukie kubwa sana. Seti nzuri inakuja na pampu yake au inakutajia ipi inafaa, na hilo ni swali la kuuliza kabla ya rangi ya faiba.

Kama pikipiki ina breki zilizounganishwa, yaani ukikanyaga mguu na ya mbele inashika kiasi, soma maelekezo ya modeli yako mara mbili. Kuna seti zinauacha mfumo, kuna zinazoutenganisha mbele na nyuma. Usibuni. ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukishika breki) nayo inasoma mwendo wa matairi kwa pete yenye meno, ukiweka habu mpya zenye idadi nyingine ya meno kompyuta inaona tairi la nyuma linakwenda mwendo wa ajabu, inawasha taa au mbaya zaidi inaachia breki wakati hujateleza. Pete mpya iwe na meno yanayolingana kwa kuzingatia kipenyo kipya cha tairi, la sivyo ABS izimwe rasmi na ukaguzi ujue.

Kutoa upepo: mpira wa breki sasa unapanda na kushuka mara kadhaa kufika kwenye ekseli, upepo unajificha kwenye kila mgongo. Anza na kaliperi ya mbali, tumia pampu ya kuvuta kama unayo, alafu acha usiku kucha pedeli ikiwa imefungwa chini na asubuhi rudia.

Na hendibreki. Ya kebo kabisa, isiyotegemea maji. Traiki haina stendi, haiegemei popote, ikianza kuserereka inaserereka.

Mbele

Pikipiki ya magurudumu 2 kwenye mwendo unaikatisha kona kwa kusukuma mkono wa usukani ulio upande wa kona, inalala, na kule kulala ndo kunakata kona. Usukani wenyewe haugeuki sana. Traiki hailali. Unageuza usukani kweli kweli, kulia ni kulia, na tairi la mbele linasukumwa kwa ubavu. Sasa ile treili ya milimita 109 iliyokuwa inakusaidia kwenda wima inageuka kuwa mkono wa nguvu unaopigana na wewe: tairi linataka kurudi katikati, na wewe unalivuta. Kona moja siyo shida. Barabara ya milimani saa nzima, utaelewa.

Dawa ni kupunguza treili, na njia inayotumika ni kubadilisha vile vishikio viwili vya shokapu za mbele, cha juu na cha chini, kuweka vilivyochongwa kwa pembe ya ziada ili shokapu zilale zaidi kuliko mhimili wa usukani. Inachanganya kidogo manake ukilaza fremu yote treili inaongezeka, lakini ukilaza shokapu peke yake huku mhimili umebaki pale pale, ekseli inasogea mbele na treili inapungua. Hizi zinauzwa kwa nyuzi, 4, 4.5, 5, 6 na kadhalika, na kosa linalofanyika ni kudhani nyuzi nyingi ni bora zaidi.

Chukua mfano wa mlalo wa nyuzi 29, tairi lenye nusu-kipenyo cha milimita 320, treili 110, na shokapu yenye urefu wa milimita 700 kutoka kwenye vishikio hadi ekseli. Ukiongeza nyuzi 4, ekseli inasogea mbele kama milimita 49, treili inashuka hadi 54 hivi. Safi. Ukiongeza nyuzi 6, ekseli inasogea 73, treili inabaki 26. Hapo usukani utakuwa mwepesi kweli, na ukifika kilomita 30 kwa saa ukipunguza mwendo utaanza kucheza kushoto kulia wenyewe kama mkia wa mbwa. Ila nyuzi 6 hizo hizo kwenye pikipiki iliyoanza na treili ya 170 zinakuacha sehemu nzuri tu. Kwa hiyo usinunue kwa sababu jirani alinunua 6, pima ya kwako. Mi sipendi kushuka chini ya milimita 50, na juu ya 80 faida ya kubadilisha inakuwa ndogo. Hiyo ni hesabu ya juu juu, kimo cha mbele kikibadilika mlalo wa fremu nao unabadilika, ndo maana baada ya kufunga unapima tena kwa chaki na timazi kama mwanzo.

Na kimo cha nyuma kinaingia hapa hapa. Seti ikiinua nyuma kuliko ilivyokuwa, fremu yote inainama mbele na treili inapungua zaidi bila wewe kugusa kitu. Ikishusha nyuma inaongezeka. Watu wanaofunga shokapu za upepo nyuma na kuzijaza mpaka mwisho kisha wanalalamika usukani unatetemeka, shida yao ni hiyo.

Ukiwa umefungua mbele, weka beringi za usukani za rola za pembe badala ya za goroli, kisha zikaze zaidi kidogo kuliko ungezikaza kwenye pikipiki. Kwenye magurudumu 2 beringi zilizokazwa zinakufanya uyumbe, kwenye traiki kaugumu kadogo kanasaidia kuzima mtetemo. Springi za mbele ngumu zaidi, kwa sababu sasa ukikanyaga breki kuna kilo nyingi zinakuja mbele na shokapu hazilali zinabonyea tu. Weka kipande cha chuma cha kuunganisha shokapu mbili juu ya tairi kizuie zisijikunje kila moja kivyake, manake nguvu za ubavu ni mpya kabisa kwao. Damper ya usukani (kifaa cha kuzima mtikisiko) ni ya mwisho, ya kumalizia. Ukiifunga kuficha mtetemo mkubwa umeficha tatizo la treili, tairi lililochakaa au beringi zilizolegea.

Angalia pia mipira ya breki ya mbele na nyaya: shokapu zimesogea mbele, geuza usukani mpaka mwisho pande zote, ukandamize na ushushe, hakuna kinachovutika? Kama kinavutika weka mrefu zaidi.

Umeme

Swichi ya stendi ya pembeni. Injini inaamini kupitia swichi hiyo kwamba stendi imekunjwa. Ukiikata tu bila mpango, ukiingiza gia injini inazima. Soma mchoro wa waya wa modeli yako uone swichi ikiwa "imekunjwa" inafunga mzunguko au inaufungua, kisha iache katika hali hiyo, kwa kuunganisha au kuacha wazi, ufunike na mpira wa kubana kwa joto.

Taa za nyuma sasa ni mbili za kila kitu. Nyaya za pikipiki hazikupangwa kubeba taa za ziada za buti, kwa hiyo tumia relei inayochukua moto moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, au weka taa za LED. Ukiweka LED indiketa zitapepesa haraka mpaka ubadilishe flasha. Ethi iende kwenye fremu yenyewe, faiba haipitishi umeme, nusu ya taa zinazowaka hafifu kwenye traiki ni ethi.

Faiba

Kabla hujafunga springi za nyuma moja kwa moja, shusha mwili mpaka ekseli igonge vizuizi vyake, weka madigadi juu na uangalie tairi linagusa wapi. Acha angalau upana wa vidole viwili. Alafu fikiria abiria na mizigo. Ekzosi isipite karibu na faiba bila bati la kukinga joto, rangi inavimba. Mengine ni uvumilivu na msasa.

Kuiendesha mara ya kwanza

Upepo wa matairi ya nyuma. Tairi la gari limepangwa kubeba robo ya gari, hapa linabeba karibu theluthi ya traiki nyepesi, ukijaza psi 32 litadunda na kuvaa katikati. Seti nyingi zinataka kati ya 18 na 26, fuata ya kwako. Tairi la mbele libaki la pikipiki kwa upepo wa pikipiki.

Nenda uwanja mtupu. Kitu cha kwanza ni miguu. Mwenye pikipiki akisimama anashusha miguu bila kufikiria, na akianza kuondoka inaburuzika nyuma kidogo. Kwenye traiki nyuma ya mguu wako kuna tairi pana. Linapanda kisigino, linavuta mguu, na watu wamevunjika hivyo kwa mwendo wa kutembea. Miguu inabaki juu mpaka umevuta hendibreki na umezima.

Pili ni kona. Mwili utataka kusukuma kama zamani, na traiki itakwenda upande usiotarajia. Vuta usukani, egemeza kifua kuelekea ndani ya kona. Ukihisi tairi la ndani linakuwa jepesi, fungua usukani kidogo na upunguze gesi taratibu.

Tatu, na hii ishike: breki zote kabla ya kona. Traiki inasimama juu ya pembetatu, ncha iko mbele. Ukifunga breki uzito unakimbilia kwenye ncha, pale ambapo pembetatu ni nyembamba. Kwa mfano traiki yenye upana wa mita 1.2 kati ya matairi ya nyuma, urefu wa mita 1.7 kati ya ekseli, kitovu cha uzito kiko sentimita 55 juu na asilimia 65 ya uzito uko nyuma, itaanza kunyanyua tairi ikivutwa kwa ubavu kwa nguvu ya kama 0.71 ya uzito wake. Ukiongeza breki ya wastani ya 0.4 ndani ya kona hiyo hiyo, inanyanyua kwenye 0.57. Umepoteza moja ya tano ya usalama wako kwa kidole na mguu. Mizigo mizito iweke chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiirundika nyuma ya ekseli mbele inakuwa nyepesi na usukani hausikii.

Mashimo pia. Pikipiki inapita pembeni ya shimo, traiki ina njia tatu, ukilikwepa kwa tairi la mbele, la nyuma litaingia.

Baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza rudi nyumbani ukague kila alama ya rangi uliyoweka, nati za rimu, bolti za kibebeo, vishikio vya mbele. Beringi za usukani zitakuwa zimekaa na kulegea kidogo, kaza. Oili ya difu mpya mwaga kwenye kilomita 800 hivi na uangalie sumaku ya nati ya kumwagia: vumbi laini la kijivu ni kawaida ya gia zinazozoeana, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha siyo kawaida, hapo difu inafunguliwa kabla hujasafiri nayo.